Koti moja zito au nguo nyepesi nne? Ulinganisho wa nguo za kupandia Meru, Kili na milima mingine ya kwetu

Kila mwaka ikikaribia Desemba watu wanaanza kujipanga kwenda Kilimanjaro kwa ajili ya Uhuru, maana tangu Luteni Alexander Nyirenda apandishe bendera na mwenge kule juu mwaka 1961, tarehe 9 Desemba ina uzito wake kwenye huo mlima, na swali ambalo nasikia kila mara sio njia gani wala mazoezi gani, ni "nikanunue koti gani zito?" Jibu langu halijabadilika: achana na koti zito. Chukua nguo nyepesi tatu au nne zinazovalika moja juu ya nyingine, unaongeza na kupunguza kadri mlima unavyobadilika. Sasa swali linakuwa nguo zipi, na hapo ndo nataka tulinganishe kitu kwa kitu, nikizingatia vitu vinavyopatikana kweli Moshi, Arusha, Karume na Gikomba, sio vile vya kwenye katalogi za Ulaya tu.

Kwanini sio koti moja? Geti la Marangu liko kama mita 1,860 hivi, kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Kwa wastani joto linashuka kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, kwahiyo kati ya getini na kileleni kuna tofauti ya nyuzi 24 mpaka 26 hata kabla hujahesabu usiku na upepo. Msituni unatembea kwenye joto la unyevu na mvua, ukitoka msituni unapokelewa na upepo, ukivuka mita 4,000 jua linachoma mchana na usiku maji yanaganda kwenye chupa. Koti zito linakupa hali mbili tu, umelivaa unatoka jasho au umelivua unatetemeka, hakuna katikati. Na jasho ndo adui mwenyewe, kwasababu nguo ikishaloa jasho ukisimama dakika kumi kupumzika ule unyevu unakunyonya joto lote.

Halafu kuna uzito. Koti zito la baridi la mtumba linafika kilo moja na nusu kirahisi na ukilibana kwenye begi linajaza nusu ya begi. Kili mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na unapimwa, kwahiyo kila kilo unayopunguza wewe inapungua kichwani na shingoni kwa mtu. Wale jamaa wa Moshi wanajiita wagumu na kweli ni wagumu, ila hiyo sio sababu ya kuwabebesha makoti mawili ambayo hutayavaa.

Nguo inayogusa ngozi: pamba, poliesta, merino

Hapa sitazunguka, pamba hapana. Fulana ya pamba inakunywa jasho, inashikilia, inakauka taratibu sana, na kwenye mita 3,500 jioni hakuna jua la kukukaushia. Watu wengi wanabisha kwasababu pamba ndo wanayovaa mjini kila siku na wanaona iko poa, ndio, mjini iko poa kwasababu ule ubaridi wa nguo iliyoloa ndo unaoutaka Dar. Mlimani ni kinyume chake.

Poliesta hainywi maji karibu kabisa, jasho linasambaa juu ya kitambaa na kuondoka, inakauka haraka hata ukiifua kambini na kuianika juu ya hema mchana. Jezi ya mpira ni poliesta, fulana ya marathoni uliyopewa mwaka juzi ni poliesta, yani pengine tayari unayo ndani na hujui. Ubaya wake ni harufu. Siku ya pili tu inanuka, ya tatu mwenzako wa hema anaanza kulala amegeukia upande mwingine.

Merino ni sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, haiwashi kama lile sweta la shule. Inaweza kunyonya unyevu mpaka karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ukaisikia ina joto, na hainuki hovyo, unaweza kuivaa siku nne mfululizo bila kuwakera watu. Ila ni ghali dukani, inachanika kirahisi, na inakauka taratibu kuliko poliesta.

Mimi nachagua hivi: kutembea mchana, poliesta ya mikono mirefu, rangi nyepesi, kama ina kola au kofia ya kufunika shingo ndo bora zaidi kwasababu jua la karibu na ikweta ukiwa juu ya mita 4,000 linakuunguza hata kama ni mweusi tii na hata kama kuna baridi. Kulalia na usiku wa kwenda kileleni, merino kama umebahatika kuipata. Na mitumba unaipata kweli, tatizo wauzaji wengi wanaiweka kwenye fungu la sweta za kawaida kwasababu ni nyembamba na haina mvuto, kwahiyo ukiwa soko la mitumba la Memorial pale Moshi usiangalie nguo, soma lebo. Ukiona neno merino hata kama ni asilimia 50 chukua.

Ya katikati: flisi, sweta, hudi, shuka

Hii kazi yake ni kushika joto wakati unatembea kwenye ubaridi au umekaa kambini jioni. Washindani ni wengi kwasababu kila mtu ana kitu chake nyumbani.

Hudi ya pamba, ile nene ya mjini, ina uzito wa gramu 600 hadi 800 na tabia zote mbaya za pamba nilizosema. Iache nyumbani. Sweta la sufu la kushona kwa mkono linashika joto vizuri hata likiloa kidogo, tatizo ni zito na linajaza begi, na likiloa kabisa linakuwa mzigo wa ajabu. Kama ndo ulilonalo na huna hela ya kingine nenda nalo, sio dhambi, watu wamepanda na masweta miaka mingi kabla flisi haijakuwepo.

Shuka ya Kimasai nayo watu wanaibeba sana. Inapendeza, picha inatoka safi, na jioni umekaa nje ya hema ukijifunika inasaidia. Ila nyingi zinazouzwa siku hizi ni za akriliki, upepo unapita kama haupo, na huwezi kutembea nayo kwenye mwinuko mikono ikiwa huru. Kama umebanwa na uzito, shuka ndo ya kwanza kuacha. Kanga ni habari nyingine, kanga ni nyepesi, inasaidia kubadilisha nguo porini ambako hakuna mlango, inafunga shingo, inakuwa taulo, akina dada wengi wanaobeba kanga moja sijawahi kusikia wakijuta.

Flisi ndo mshindi wangu na wala sio kwa mbali. Ni poliesta iliyokwaruzwa mpaka ikawa na manyoya madogo yanayoshika hewa, ikiloa unaikung'uta na kuendelea, inakauka ukiwa umeivaa. Sasa kuna nene na kuna nyembamba. Flisi nene inakaribia gramu 500 na watu wanaipenda kwasababu ukiishika dukani unaona "hii ndo yenyewe", lakini kwa kutembea nyembamba ni bora, gramu 250 hadi 300, yenye zipu nusu kifuani. Zipu ni muhimu kuliko unene! Unapanda umepata joto unaifungua, upepo umekuja unaifunga, hakuna haja ya kusimama na kuvua begi. Na kama nyembamba moja haitoshi unavaa mbili, mbili nyembamba zinashika hewa katikati yake na jumla ya uzito ni uleule wa moja nene, ila una uhuru wa kuvua moja.

Kujua kama flisi ni nzuri ukiwa mnadani, inyanyue kwenye mwanga. Ile iliyochakaa utaona imekuwa na vidonge vidonge na sehemu za mgongoni na viwikoni mwanga unapita. Hiyo ilishabebeshwa begi miaka mingi huko ilikotoka.

Jaketi la joto: manyoya ya bata au nyuzi?

Hapa ndo pesa inaenda na hapa ndo watu wanachanganyikiwa, maana majaketi yote ya kuvimba, pafa, yanafanana kwa nje. Ndani kuna mambo mawili tofauti kabisa. Kuna yaliyojazwa manyoya laini ya bata, na kuna yaliyojazwa nyuzi za poliesta zilizotengenezwa kuiga manyoya.

Manyoya yana joto kubwa kwa uzito mdogo kuliko kitu chochote utakachobeba. Jaketi la gramu 300 hadi 400 linakupa joto ambalo la nyuzi lingehitaji gramu 500 au zaidi, na unalikunja linaingia kwenye mfuko mdogo kama mkate wa nusu kilo. Ubora wake mara nyingi unaandikwa kwa namba kwenye lebo au begani, 550, 600, 700, 800, namba ikipanda maana yake manyoya kiasi kilekile yanavimba zaidi na kushika hewa zaidi. 600 inatosha kabisa kwa milima yetu, usiumize kichwa kutafuta 800. Lakini likiloa limekwisha. Manyoya yanashikana mabonge, hewa inatoka, joto linaondoka, na kulikausha kambini haiwezekani.

La nyuzi ni zito kidogo, linajaza begi zaidi, ila likiloa bado linabakiza sehemu kubwa ya joto lake na linakauka. PrimaLoft ambayo utaiona kwenye lebo nyingi ilitengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani miaka ya 1980 kwasababu hiyohiyo, walitaka kitu cha kuziba nafasi ya manyoya askari akiloa. Na bei yake mara nyingi iko chini.

Kwahiyo uchague lipi inategemea mlima na msimu kuliko inavyotegemea wewe. Kili Januari, Februari, au Julai mpaka Septemba, usiku wa kileleni kwa kawaida ni mkavu, baridi kavu na upepo, hapo manyoya yanashinda bila ubishi. Kili ya Desemba bado vuli haijaisha vizuri, unaweza kunyeshewa siku mbili tatu za mwanzo, manyoya bado yanafaa lakini lazima yalale kwenye mfuko usiopitisha maji mpaka usiku wa mwisho, usilivae msituni hata ukihisi baridi. Ukienda Rwenzori upande wa Uganda au Congo, kule ambako watu wanatembea na gambuti siku nzima kwasababu ya matope, chukua la nyuzi na usiwaze mara mbili.

Kwa mtumba kuna tofauti ambayo wauzaji hawaisemi. Nguo zinakuja zimeshindiliwa kwenye belo miezi na miezi. Jaketi la manyoya likitoka pale ni bapa kabisa, unaweza kulidharau, lakini likikung'utwa na kuachwa litundikwe siku nzima linaamka. La nyuzi likishindiliwa sana linabaki limelala, nyuzi zimeshavunjika na joto lake halirudi. Kwahiyo mtumba mimi natafuta la manyoya, la nyuzi napenda kununua jipya au ambalo naona bado limevimba. Namna ya kutambua, bana kati ya vidole viwili: ukisikia vijiti vidogo vya unyoya na kitu kinachoteleza ni manyoya, ukisikia kama godoro la sponji jembamba ni nyuzi. Kisha lishike mwangani, ukiona vyumba vitupu ambavyo mwanga unapita moja kwa moja, yamevuja, rudisha.

Kitu kimoja cha kuangalia sana kwenye ushauri wa wenzetu wa Ulaya na Marekani. Wanasema usitembee umevaa pafa, livae ukisimama tu, ukitembea utatoka jasho. Kwao ni kweli, wanatembea kwa kasi kwenye mita 1,500 au 2,000. Usiku wa kileleni Kili sio hivyo. Unaondoka kambi ya mwisho, Kibo au Barafu, kwenye saa sita usiku, hewa kule juu ina oksijeni kama nusu ya ile ya pwani, mwendo ni polepole ya kweli sio ya kwenye wimbo wa watalii, hatua moja pumzi mbili, mwili hautengenezi joto la kutosha hata kidogo. Nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida, na kwa upepo unaihisi kama 20. Hapo unatembea umevaa pafa na juu yake koti la mvua la kuzuia upepo, na ni sahihi.

La nje: koti la mvua, poncho, koti la upepo

Koti la mvua lenye utando unaopumua, Gore-Tex na ndugu zake, siri yake ilianza 1969 pale Bob Gore alipogundua kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa kwa ghafla inatengeneza vitundu vidogo sana, tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Hiyo ni nadharia na inafanya kazi, ila kitambaa cha nje kikishakunywa maji ule upumuaji unakufa, unaanza kuloa kwa ndani kwa jasho lako mwenyewe halafu unalaumu koti limevuja. Kwahiyo ninapolinganisha makoti mawili ya mvua kitu cha kwanza ninachoangalia ni zipu za kwapani, kuliko jina la kampuni. Zipu za kwapani hazifi. Namba ya kuzuia maji ikiandikwa 10,000 inatosha, 20,000 ni nzuri zaidi, ikiwa haijaandikwa kabisa ujue pengine ni koti la kwenda sokoni.

Poncho ni rahisi, inafunika wewe na begi lako, hewa inapita chini hivyo jasho linatoka, na msituni kwenye mvua ya njia ya Machame ambako hakuna upepo inalishinda koti la bei mbaya. Wagumu wengi wanavaa hiyo. Lakini ukishatoka msituni upepo unaipeperusha usoni, huoni unakokanyaga, na kwenye miamba kama ule ukuta wa Barranco kule Kili ambako unatumia mikono na miguu ni hatari. Poncho haiwezi kuwa koti lako pekee. Kama pesa ni ya kitu kimoja, koti. Kama ni msimu wa mvua, koti na poncho ya bei nafuu juu.

Koti la upepo, lile jembamba kama karatasi la gramu 100 hivi, wengi wanaliruka na mimi nalipenda sana. Kati ya mita 3,000 na 4,000 mchana, ukiwa na poliesta na hilo juu tu, umemaliza. Halizuii mvua ya kweli. Ila kwa mtu mwenye bajeti ndogo, koti la mvua linaweza kufanya kazi zote mbili, wakati koti la upepo haliwezi, kwahiyo likikosekana sio mwisho wa safari.

Makoti ya mvua ya mtumba yana ugonjwa mmoja: ngozi ya ndani inabanduka. Ligeuze nje ndani kabla hujaanza kupatana bei. Ukiona magamba meupe yanadondoka, au ule utepe uliobandikwa juu ya mishono umeanza kujikunja, au unanata na kunuka, hilo ni la kuvaa bodaboda siku ya jua. Likiwa zima ndani ila nje linakunywa maji, hilo linaponyeka: lifue kwa sabuni ya maji kidogo bila sofna ya kulainisha nguo, suuza sana, likikauka pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa bila mvuke. Joto linaamsha ile dawa ya kuzuia maji iliyopakwa nje na matone yanaanza kuteleza tena.

Na saizi! Koti la nje lazima lipite juu ya kila kitu. Mnadani nenda na flisi na pafa lako, vaa vyote, vaa koti juu, nyanyua mikono kama unashika mwamba. Likikubana kifuani au mikono ikapanda mpaka viwikoni, linalokubana hivyo linaliminya pafa, na pafa lililominywa halina joto. Watu wananunua koti la kuwakaa vizuri wakiwa na fulana tu, hapo wamekwama.

Miguuni

Kwa haraka. Jinzi hapana, ni pamba nzito, ikiloa mvua ya msituni itakauka mkishuka. Traksuti ya poliesta ni sawa kwa siku za chini. Suruali nyepesi ya nailoni ya kutembelea ndo bora mchana. Usiku wa kileleni, skintaiti ya joto ndani, suruali ya flisi au traksuti katikati, suruali ya mvua nje, na ya mvua iwe na zipu ndefu pembeni ili uivae na kuivua bila kuvua buti, maana ukishashuka Gilman's au Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, kwenye saa tatu nne asubuhi jua limewaka na unataka kuvua haraka. Soksi, jozi moja nene ya sufu uiache haijaguswa mpaka usiku huo.

Kichwa na mikono

Mzula au boshori? Boshori linafunika mpaka shingo na mdomo na usiku wa kileleni nachagua hilo, mchana mzula au kofia ya jua yenye ukingo. Anayevaa hijabu, ile ya michezo ya kitambaa cha kukauka haraka inakaa vizuri chini ya kofia ya koti na inafanya kazi ya boshori bila kuongeza chochote.

Glovu ndo sehemu watu wanabana matumizi vibaya. Zile za kufuma za barabarani peke yake hazitoshi, upepo unapita. Za vidole vitano nene ni nzuri kushika fimbo na zipu, lakini zile za mfuko, vidole vinne chumba kimoja, zina joto zaidi kwasababu vidole vinapashana. Mpangilio mzuri ni jozi nyembamba ya flisi ndani na ya mfuko isiyopitisha upepo nje, unavua ya nje kupiga picha halafu unairudisha. Na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, betri kwenye baridi ile inaisha unaiangalia.

Mlima kwa mlima

Usambara, Uluguru, kutembea Lushoto mpaka Mtae na begi lako mgongoni: poliesta, flisi nyembamba, koti la mvua, basi. Ukibeba pafa umebeba bure, labda Juni na Julai kama unalala hemani. Hanang, mita 3,400 na kitu, ni vilevile pamoja na mzula. Oldoinyo Lengai inapandwa usiku kwasababu ya joto la chini, unaanza na fulana unamiminika jasho na kileleni alfajiri kuna upepo mkali, hapo koti la upepo na fulana kavu ya kubadilisha vina thamani kuliko jaketi lolote.

Meru, mita 4,566, wengi wanaichukulia kama mdogo wa Kili na kuivalia hivyohivyo. Usiku wa kutoka Saddle Hut ule ukingo unapigwa na upepo vibaya sana. Pafa jepesi la gramu 300 linatosha lakini koti la nje na glovu usipunguze hata kidogo. Mlima Kenya kwenda Point Lenana, mita 4,985, uko katikati ya Meru na Kili kwa baridi ila una unyevu mwingi, hasa Naro Moru na lile eneo lake la matope, kule ningebeba pafa la nyuzi na soksi za ziada. Kili inataka vyote nilivyotaja, na pafa nene zaidi.

Kununua, mtumba au kukodi

Pafa nene la kileleni, kodi. Utalivaa usiku mmoja, Moshi na Arusha kuna maduka mengi ya kukodisha na pesa ya kununua jipya inakodi mara nyingi. Jaribu zipu zote, kunusa nako sio aibu, na chukua siku moja kabla sio asubuhi ya safari wakati yamebaki makubwa na yaliyochanika. Koti la mvua ndo kitu ambacho ningenunua jipya kama nina pesa ya kitu kimoja kipya, kwasababu linatumika kila mlima na hata mjini, na la kukodi huwezi kujua limebandukaje. Flisi, poliesta, suruali, mtumba bila wasiwasi, nyingi zimetoka Ulaya na Marekani zikiwa zimevaliwa mara chache. Ukipata nafasi ongea na waongoza wageni na wagumu wenyewe, wageni wanawaachia nguo nzuri sana mwisho wa safari na wengine wanauza zile zisizowakaa, unanunua kitu kilichofika kileleni na pesa inaenda kwa mtu unayemjua.

Tuweke mabegi mawili mezani, juu ya kiuno tu. Begi la kwanza: koti zito la baridi kilo moja na nusu, hudi gramu 700, sweta gramu 500, fulana tatu za pamba kama gramu 550. Hiyo ni zaidi ya kilo tatu, hakuna hata kimoja kinachozuia mvua, na vikiloa siku ya kwanza msituni hakuna kitakachokauka. Begi la pili: fulana mbili za poliesta gramu 300, merino ya kulalia gramu 200, flisi nyembamba gramu 300, pafa la manyoya gramu 400, koti la mvua gramu 350. Jumla ni kama kilo moja na nusu, uzito wa lile koti peke yake, na kwa Kili ukibadilisha pafa jepesi na lile nene la kukodi unaongeza kama gramu 400 tu. Nafasi inayobaki weka ile merino na soksi za kileleni kwenye mfuko wao usiopitisha maji, na usije na mfuko wa rambo maana Tanzania ilishaupiga marufuku tangu Juni 2019.